Siku zimechelewa? Anza na tarehe: mwongozo kamili wa hofu ya mimba, vipimo na kinga

Msichana anayekuja kununua kipimo cha mimba huanza kwa kununua Panadol. Anasubiri mteja mwingine aondoke, anakodolea macho rafu ya dawa za kikohozi kana kwamba anasoma majina yake, halafu anasema kwa sauti ya chini: "Anti, na ile ya kupimia… UPT, mnayo?"

Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa muhimu miaka ya kutosha kuitambua sauti hiyo hata nikiwa nimegeuka. Wa mwisho niliyemhudumia alikuwa amejifunga kanga juu ya sketi ya shule. Nilimuuliza swali ninalowauliza wote: mara ya mwisho uliona siku zako lini? "Mwezi uliopita." Tarehe ngapi? Kimya. Na tendo lenyewe lilikuwa lini? Kimya tena, safari hii na macho chini.

Karibu makosa yote niliyoyaona kwenye jambo hili ni makosa ya tarehe. Mtu anapima mapema mno, anaona mstari mmoja, anashukuru Mungu, na mimba inakua. Mwingine anameza P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, siku ya sita baada ya tendo. Mwingine sindano yake ya uzazi wa mpango iliisha muda na hajui. Na kuna kijana anayeikataa mimba yake kwa sababu hajui wiki za hospitali zinahesabiwa kuanzia wapi. Nami niliwahi kukosea: miaka yangu ya mwanzo nilimwangalizia binti kipimo chake, nikamwambia "huna kitu, nenda zako ukasome", bila kumuuliza tarehe. Baada ya miezi miwili alirudi na mama yake.

Jambo moja kabla hatujaanza. Kama tendo limetokea ndani ya siku 5 zilizopita, usipoteze muda na kipimo, hakitakuambia chochote. Ruka hadi hatua ya 3 sasa hivi, mengine utayasoma baadaye. Na kama ulilazimishwa, ruka hadi mwisho wa hatua ya 6.

Hatua ya 1: Andika tarehe tatu

Chukua karatasi. Andika:

Tarehe ya kwanza ni siku damu ya mwezi uliopita ilipoanza kutoka. Ni siku ya kuanza, wala si ya kumaliza. Wengi hunitajia siku waliyomaliza, na hapo tayari hesabu imepotea kwa siku nne au tano.

Tarehe ya pili ni siku ya tendo. Kama yalikuwa zaidi ya moja, andika yote, na uizungushie duara ya mwisho.

Tarehe ya tatu ni siku uliyotegemea kuziona siku zako. Kama mzunguko wako huwa wa siku 28, ongeza 28 kwenye tarehe ya kwanza. Kama hujui mzunguko wako ni wa siku ngapi, acha wazi. Wasichana wengi hawajui, na si aibu. Miaka michache ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mzunguko huyumba: mwezi huu siku 25, ujao 40. Kwa mtu mzima mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, ila kwa msichana mdogo hata 45 haushangazi.

Sasa tazama mfano. Binti aliona siku zake tarehe 3 Machi. Mzunguko wake ni wa siku 28, kwa hiyo anazitegemea tena tarehe 31 Machi. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, yaani kwake ni kama tarehe 17 Machi. Alikutana na mwenzake tarehe 15. Mbegu za kiume zinaweza kuishi tumboni hadi siku 5 zikisubiri yai, ingawa yai lenyewe halizidi saa 24. Kwa hiyo tarehe 15 ilikuwa ndani ya siku za hatari kabisa. Yai likirutubishwa, huchukua siku 6 hadi 12 tangu lilipotoka ndipo lijishikize kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, yaani kati ya tarehe 23 na 29 Machi. Ni baada ya kujishikiza ndipo mwili unapoanza kutoa homoni ya hCG, ile inayotafutwa na kipimo.

Binti huyu alipima tarehe 22. Mstari mmoja. Hakidanganyi kipimo hapo. Hakikuwa na cha kuona.

Angalia pia maneno "siku 14 kabla ya inayofuata". Darasani wengi tulikariri kwamba siku ya hatari ni ya 14 tangu uanze kuona damu. Hilo linamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 peke yake. Wa siku 35 yai lake hutoka karibu siku ya 21, siku ambayo rafiki zake watamwambia "uko salama". Ndiyo maana simwamini sana mtu anayeniambia "nilihesabu". Na programu za simu zinazopaka rangi siku za hatari nazo zinakisia kwa kutazama miezi iliyopita. Mzunguko ukiyumba, zinayumba nao.

Hatua ya 2: Jua kama kweli ungeweza kushika mimba

Hapa nitapita haraka. Mimba haiingii kwa kubusiana, kwa kukalia choo alichokaa mwanaume, wala kwa kuogelea bwawa moja. Inaweza kuingia mara ya kwanza kabisa. Inaweza kuingia kabla hujawahi kuona hedhi hata moja, kwa sababu yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya damu ya kwanza. Inaweza kuingia kama mwenzako alimwaga nje. Inaweza kuingia, kwa nadra, hata kama hakuingia ndani lakini manii yaligusa mlangoni.

Kujisafisha kwa soda, ndimu, maji ya chumvi au sabuni hakutoi mbegu; zilizokwisha kupita zimepita, na kinachobaki ni kujichubua. Kurukaruka, kukojoa mara tu baada ya tendo, kusimama wakati wa tendo: hakuna hata kimoja kinachozuia.

Hatua ya 3: Kama bado hujapitisha siku 5

Dawa ya dharura ambayo mtaani tunaiita P2 ni levonorgestrel, miligramu 1.5. Huja kama kidonge kimoja cha 1.5 au viwili vya 0.75. Vikiwa viwili, meza vyote kwa pamoja. Maelezo ya zamani yalisema kimoja sasa na kingine baada ya saa 12, na bado kuna wanaosahau hicho cha pili.

Imeze mapema iwezekanavyo. Inafaa zaidi ndani ya saa 72, na inaweza kusaidia hadi saa 120 huku nguvu ikipungua kadiri saa zinavyokwenda. Kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai lisitoke. Kama yai limeshatoka, haina cha kuchelewesha, na hapo ndipo inaposhindwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake 100 walioimeza baada ya tendo moja, 1 hadi 2 hushika mimba. Ni kinga nzuri, lakini si ukuta.

Ukitapika ndani ya saa 2, meza nyingine. Kama unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, au baadhi ya dawa za kifafa, mwambie muuzaji, kwa sababu zinaipunguza nguvu. Wenye mwili mkubwa nao inaweza kuwafanyia kazi pungufu. Kwa wote hawa, na kwa yeyote, kinga ya dharura iliyo imara zaidi ni kitanzi cha shaba, yaani lupu, kikiwekwa na mtaalamu ndani ya siku hizo 5: kinazuia kwa zaidi ya asilimia 99, na kinaendelea kukukinga miaka hadi 10.

P2 haitoi mimba iliyokwisha kushika, wala haimdhuru mtoto kama ulimeza bila kujua una mimba. Haiharibu kizazi. Hili la kizazi naulizwa kila wiki, na kuna wasichana wanaoiogopa P2 kuliko wanavyoiogopa mimba yenyewe. Kinachotokea ni kichefuchefu, maziwa kuuma, na hedhi kuja mapema au kuchelewa hadi wiki moja. Wengine huona matone ya damu siku chache baadaye, wakadhani ndiyo hedhi. Usiyahesabu matone hayo kama hedhi.

Na haikukingi kwa tendo la kesho. Anayekunywa P2 Ijumaa akakutana tena Jumapili, Jumapili hana kinga. Tena yuko pabaya zaidi, kwa sababu yai lililocheleweshwa linaweza kutoka siku hizo.

Nunua duka lenye kibali, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na usinunue vidonge vilivyokatwa kwenye karatasi yake bila jina. Kisha hesabu siku 21 mbele na uandike. Hiyo ni tarehe yako ya kupima kama hedhi haijaja.

Hatua ya 4: Pima siku inayostahili, kwa namna inayostahili

Kuna kanuni mbili, na moja ikikushinda tumia nyingine. Kama unaijua tarehe yako ya tatu, pima kuanzia siku hiyo ikipita bila damu. Kama huijui, au mzunguko wako unayumba, pima siku 21 baada ya tendo la mwisho, lile ulilolizungushia duara. Kwa binti wa mfano wetu, siku 21 kutoka 15 Machi ni tarehe 5 Aprili.

Kipimo cha UPT utakipata kwa bei ya chipsi kavu au chini ya hapo, na vituo vingi vya afya wanapima pia. Wanaotangaza kipimo cha bei kubwa kwamba "kinaona mapema" wana ukweli kidogo, lakini hata hicho hakiwezi kuona homoni ambayo haijaanza kutengenezwa.

Namna yenyewe:

1. Tazama pakiti: haijachanika, haijaisha muda. Usiifungue hadi uwe tayari, unyevu unaiharibu.
2. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Homoni inakuwa imekusanyika usiku kucha. Ukibugia maji lita nzima ili upate mkojo haraka, umeizimua.
3. Kojoa kwenye chombo safi na kikavu. Kikombe kilichooshwa na sabuni bila kusuuzwa vizuri hakifai.
4. Chovya upande wenye mishale, usivuke mstari ulioandikwa MAX. Sekunde 5 hadi 10 zinatosha.
5. Kilaze mahali bapa. Washa saa ya simu, dakika 5. Usikitikise wala usikiweke juani kikauke.
6. Soma ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, halafu kitupe. Baada ya dakika 10 hakisomwi tena.

Hiyo ya sita inaliza watu. Kipimo kikikauka kinaweza kuacha alama ya kijivu pale mstari wa pili unapokaa. Binti anakificha chini ya godoro, anakitoa jioni kukiangalia tena, anaona "mstari", halali usiku mzima. Kipimo cha jioni kilichochovywa asubuhi hakina habari yoyote ya kukupa.

Majibu ni hivi. Mstari mmoja kwenye herufi C ya kipimo: hakuna mimba iliyoonekana siku hiyo. Mistari miwili, C na T: kuna mimba, hata kama wa pili umefifia kama penseli, mradi una rangi na umetokea ndani ya muda. Hakuna "mimba kidogo". Kama C haipo, kipimo kimeharibika hata T ikitokea, chukua kingine.

Kipimo kikikosea, mara nyingi hukosea upande wa kusema hakuna wakati ipo, na sababu karibu daima ni ileile: mapema mno. Kukosea upande wa pili ni nadra. Hutokea kama mimba iliharibika au ulijifungua wiki chache zilizopita na homoni haijaisha mwilini, kama ulichomwa sindano ya homoni hiyo kutibu ugumba, au kwa magonjwa machache kama mimba zabibu (mimba isiyokua kawaida), ambayo yanahitaji hospitali vilevile. P2, vidonge vya majira, amoksilini, dawa za malaria, pombe: havibadilishi jibu la kipimo.

Chumvi, sukari, dawa ya meno na Jik kwenye mkojo ni michezo ya jikoni. Mkojo wa mtu yeyote, hata wa kaka yako, ukiutia Jik unatoa povu.

Kama jibu ni hakuna na hedhi bado haijaja, rudia baada ya siku 7. Homoni ya mimba changa huongezeka karibu mara mbili kila siku mbili au tatu, kwa hiyo wiki moja inatosha kuifichua. Ukiwa umeshapita siku 21 tangu tendo la mwisho, na vipimo viwili vya wiki mbili tofauti vimesema hakuna, basi tendo lile halikukupa mimba. Hedhi imechelewa kwa jambo lingine: mitihani, msiba nyumbani, kuugua, kupungua mwili ghafla, mazoezi makali, au umri tu. Hofu yenyewe pia huchelewesha. Nimewaona waliopata siku zao usiku uleule wa jibu la pili. Ila ikipita miezi 3 bila damu, nenda kituo cha afya ukaangaliwe.

Hatua ya 5: Pima kinga yako kama ulivyojipima wewe

"Dada, mimi natumia kinga, nimepataje?" Jibu liko kwenye namna asilimia zinavyosomwa. Tukisema kinga fulani ina asilimia 93, maana yake ni kwamba wanawake 100 wakiitumia mwaka mzima, 7 watashika mimba. Tena kila kinga ina namba mbili: ya anayeitumia bila kukosea hata siku moja, na ya sisi wanadamu.

Kondomu ya kiume ikitumiwa bila kosa lolote, ni 2 kati ya 100 kwa mwaka. Jinsi watu wanavyoitumia kweli, ni 13. Tofauti ya hao 11 ni kondomu iliyokaa kwenye pochi mpaka ikapauka, iliyofunguliwa kwa meno, iliyovaliwa katikati ya safari, au iliyopakwa Vaseline au mafuta ya nazi. Mafuta yanailegeza mpira, ikapasuka ndani ya dakika chache. Kama unahitaji kilainishi, chukua cha maji. Pamoja na hayo, kondomu ndiyo kinga pekee hapa inayozuia na Ukimwi, kwa hiyo hata mwenye kijiti bado anaihitaji.

Vidonge vya majira: chini ya 1 kwa asiyesahau, 7 kwa wengine. Kusahau kimoja au viwili si balaa, meza ulichosahau mara unapokumbuka na uendelee. Kuanzia vitatu, endelea kumeza lakini tumia kondomu siku 7. Kama ulianza vidonge katikati ya mwezi, siku 7 za kwanza nazo si zako bado. Wasichana wa bweni huwa nawaambia ukweli: kidonge kinachofichwa ni kidonge kinachosahaulika.

Sindano ya miezi mitatu: 4 kati ya 100, na karibu wote ni wa kuchelewa kurudi. Wiki 4 za nyongeza bado unaweza kuchomwa bila wasiwasi, zaidi ya hapo pima kwanza. Sindano ina utata wake: huzuia hedhi kwa wengi, kwa hiyo mtumiaji anakaa miezi bila kuona damu na kila mwezi anakuja kupima. Kama hukuchelewa kuchomwa, kukosa siku ni kazi ya sindano. Ukiacha, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi, ila usiutegemee ucheleweshaji huo kama kinga.

Kijiti cha mkononi, ambacho wengine huita kipandikizi, ndicho ninachokisifia zaidi kwa msichana: kama 1 kati ya 1,000 kwa mwaka. Kipo cha njiti moja cha miaka 3 na cha njiti mbili cha miaka 5. Hakuna cha kukumbuka isipokuwa tarehe ya kukitoa, na hiyo iko kwenye kadi yako. Damu huvurugika, ikatoka kidogo kidogo au ikapotea, na wengi hukikatia tamaa kwa hilo. Kikitolewa, uzazi unarudi mara moja. Kitanzi nacho ni chini ya 1 kati ya 100, na aliyewaambia kwamba ni cha waliozaa tu aliwadanganya.

Kumwaga nje: 20 kati ya 100. Kutotumia kitu: 85. Hiyo 20 ni bora kuliko 85, sitakudanganya, lakini ni msichana mmoja kati ya watano kila mwaka, na uamuzi wote uko mikononi mwa mtu ambaye wakati huo hafikirii vizuri.

Kuhusu dawa zinazovuruga kinga: antibayotiki za kawaida haziharibu vidonge wala vijiti. Rifampicin na baadhi ya dawa za kifafa ndizo zinazoviharibu, sindano haziigusi. Kwenye vituo vya serikali Tanzania huduma za uzazi wa mpango ni bure. Kama muuguzi wa zamu anakutazama kwa jicho la "mtoto kama wewe", uliza kama kuna siku au chumba cha huduma rafiki kwa vijana. Vipo vituo vingi vyenye hicho.

Hatua ya 6: Mistari miwili

Kaa chini kwanza. Leo huhitaji kuamua maisha yako yote.

Mwambie mtu mzima mmoja, leo au kesho. Zamani msichana wa pwani alikuwa na somo wake, mwanamke wa kumuuliza yale ambayo hayaulizwi kwa mama. Siku hizi wengi wetu hatuna somo, tuna shangazi aliye mbali na mwalimu mmoja au wawili wanaoaminika. Chagua yule anayejua kunyamaza. Kama hakuna, piga 116, simu ya watoto, bure Tanzania na Kenya. Ukishindwa pa kuanzia, anza na sentensi hii: "Nimekosa siku zangu, nimepima, naogopa, naomba unisindikize hospitali." Kumpa mtu kazi ya kufanya humpunguzia nafasi ya kupiga kelele.

Nenda kituo cha afya kuthibitisha na kujua umri wa mimba. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Hospitali huhesabu wiki kuanzia tarehe ya kwanza kwenye karatasi yako, siku ya hedhi, na si siku ya tendo. Daktari akisema wiki 6, mimba yenyewe imetungwa wiki kama 4 zilizopita. Nimeshuhudia kijana akihesabu kwa vidole mbele ya duka langu, akisema "wiki sita zilizopita nilikuwa safarini, hii si yangu". Tulipokaa na kalenda ya ukutani, vidole vilinyamaza.

Anza kliniki kabla ya wiki 12. Utapimwa damu, presha, Ukimwi na kaswende, utapewa madini ya chuma na foliki asidi. Mwili wa msichana mdogo una hatari zaidi ya kifafa cha mimba, upungufu wa damu na uchungu pingamizi (mtoto kushindwa kupita), na nyingi ya hizo huonekana mapema kwa anayehudhuria.

Kimbia hospitali usiku huohuo kama una maumivu makali upande mmoja wa tumbo chini, kizunguzungu au kuzimia, maumivu ya bega, au damu. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo huua. Nenda vilevile kama ulishakunywa au kuingiziwa kitu cha kutoa mimba na sasa una homa, harufu au damu nyingi. Mwambie daktari ukweli wa ulichotumia, atibu kinachotakiwa. Na kama bado hujafanya, miti shamba, vyuma na vidonge vya kuuziwa kificho ndivyo vinavyojaza wodi. Usiende huko.

Shule: Tanzania Bara, tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa mimba anaruhusiwa kurudi, ndani ya miaka 2. Kenya ina sera ya kurudi tangu 1994. Akikuambia mtu kwamba "shule ndiyo imeisha", anazungumza habari za zamani. Mnajua pia kwamba Sheria ya Elimu ya Tanzania, ilivyorekebishwa 2016, inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi. Ndiyo maana wapo wazee wanaokuja jioni na bahasha kuzungumza na baba yako. Bahasha hiyo haikulipii kliniki.

Kama ulilazimishwa, hospitali kwanza, ndani ya saa 72, bila kuoga wala kufua nguo. Kuna dawa za kuzuia Ukimwi na kinga ya dharura ya mimba, na zote mbili zinakwenda na saa. Fomu ya polisi ya PF3 na Dawati la Jinsia na Watoto yanafuata, au yanakutana palepale kama hospitali ina kituo cha mkono kwa mkono. Haijalishi aliyefanya ni nani kwenu.

Kwa mama aliyekiona kipimo kwenye takataka

Neno moja tu. Usianze na "ni nani?" Anza na "tarehe ngapi?" Huenda kipimo kile kilipimwa mapema mno, huenda bado ziko siku za P2, huenda ni hofu tupu. Jina la mvulana halitakimbia. Saa 72 zinakimbia.

Hatua ya 7: Karatasi isitupwe

Jibu liwe lolote, endelea kuandika siku ya kwanza ya kila hedhi. Nyuma ya daftari la hesabu panatosha, alama ya X na tarehe, hakuna atakayejua. Ukiwa na X tatu au nne, muuguzi atakusaidia kuchagua kinga ndani ya dakika 10 badala ya kukisia.

Yule binti wa kanga nilimwandikia tarehe yake kwa kalamu juu ya bahasha ndogo ya dawa, na ndani nikaweka Panadol alizoziomba. Kipimo sikumuuzia siku ile. Alirudi asubuhi ya tarehe niliyoandika, kabla sijamaliza kufagia mlangoni. Safari hii hakuanza na Panadol.